Gari la Spoti: Jipya, au Lililokwisha Onja Barabara?

Kaa kwanza. Mtu mwenye homa ya gari la spoti hafai kusimama, maana akisimama miguu itampeleka yadi, na akishafika yadi hakuna tena mazungumzo. Kaa, kunywa maji, halafu ujibu swali moja: unataka gari la kuendesha, au unataka gari la kupaki pale ambapo watu wataliona? Majibu yote mawili ni halali. Lakini kila jibu lina bei yake, na anayeyachanganya ndiye unayemkuta miezi sita baadaye akiuza gari kwa bei ya kutupa, akisema anahamia nje ya nchi.

Anayetaka kuendesha anunue lililotumika kidogo: umri wa miaka mitatu hadi mitano, halijachezewa, lina karatasi zake zote. Nalisema mapema ili asiye na muda wa kusoma aende zake salama. Gari jipya nalo lina wenyewe, nitawataja, nao ni wachache kuliko wanaojihesabu humo.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue gari moja tutembee nalo: Toyota 86. Lilitoka mwaka 2012 likiwa na injini ya boksa ya Subaru ya cc 1998, nguvu za farasi 200, likisukumwa na magurudumu ya nyuma. Pacha wake ni Subaru BRZ. Mwaka 2021 likaja umbo jipya, GR86, cc 2387, farasi 235. Si gari la tajiri wa mafuta. Ni gari ambalo mtu mwenye mshahara mzuri, mkopo wa SACCOS na mwenzi mvumilivu anaweza kuliota bila kuonekana mgonjwa. Kwa mwenye mfuko mwembamba zaidi lipo Mazda Roadster, lile ambalo nchi nyingi huliita MX-5: viti viwili, paa la turubai, uzito wa tani moja hivi. Na kwa ndugu zetu wa Kenya lipo Subaru, ambalo kule lina ukoo, lina wimbo, na lina maadui zake. Nitalifikia.

Kikao cha nyumbani

Kabla ya TRA, watoza kodi wa Tanzania, na kabla ya dalali kuna kikao cha sebuleni, na hicho hakina rufaa.

"Baba watoto, hiki kiti cha nyuma ni cha nani?"

Usidanganye. Viti vya nyuma vya 86 vimewekwa kwa heshima tu. Toyota walipolisanifu walihakikisha kwamba ukivilaza, matairi manne yanaenea ndani, ili mtu aende uwanja wa mashindano na matairi yake ya pili. Matairi yanaenea. Mama mkwe haenei. Kwa hiyo hili ni gari la pili la nyumbani. Kama ndilo litakalokuwa la kwanza na la pekee, ishia hapa, tafuta gari la milango minne lenye usukani mzuri. Yapo, na ndoa yako itakushukuru.

Kikao kikipita, chukua rula ya mtoto wa shule ukapime tuta la mtaani kwako. Tumbo la GR86 liko milimita 130 kutoka ardhini, yaani sentimita 13, na hapo gari liko tupu. Matuta mengine ya mitaani kwetu yalijengwa na wananchi wenye hasira baada ya mtoto kugongwa, na hasira haina vipimo. Ukikuta la sentimita 15, jua kila asubuhi utalipanda kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, bodaboda wakikupigia honi na watoto wakitoa ushauri. Rasta za barabara kuu nazo utazihisi hadi kwenye meno.

Sasa, tuta haliulizi kama gari ni jipya. Lakini wewe utauliza. Ukikwaruza bampa la gari jipya unaumwa wiki nzima na hutaki kula. Ukikwaruza bampa lililokuja na mkwaruzo wake tangu Yokohama, unashuka, unachungulia, unaendelea na safari. Naiona hiyo kuwa faida ya kwanza ya gari lililotumika, na hakuna tangazo linaloiandika.

Na kasi yenyewe? Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, tochi ya trafiki imejificha nyuma ya mwembe, na faini Tanzania ni shilingi 30,000. Hapa sitaki utani: barabara ya umma ina watoto wanaotoka shule, ina mikokoteni, ina mama anayevuka na ndoo kichwani. Anayenunua farasi 235 ili awakimbize watu hao asinunue jipya wala kuukuu. Raha ya gari la spoti imo kwenye usukani unaojibu ukiugusa, gia inayoingia kwa mlio mmoja mfupi, na mzunguko wa barabara unaoupita kwa 40 huku umetabasamu. Ndiyo maana nashabikia magari mepesi. GR86 haifiki kilo 1,300. Gari zito la farasi 500 kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, linakupa joto la miguu na bili ya petroli, basi.

Hesabu za kukosesha usingizi

Gari hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya mwanzo, na anayebeba hasara hiyo ni mmiliki wa kwanza. Ukinunua la miaka mitatu au minne, kuna mtu Nagoya amekwisha kukulipia, na hakujui hata kwa sura.

Kwa nini nasisitiza mitatu hadi mitano? Japan gari jipya la mtu binafsi hupelekwa ukaguzi wa lazima, wenyewe wanauita shaken, baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo huja na kodi na bima yake kwa pamoja. Wengi wakiiona bili inakaribia huona heri wauze wachukue jingine, hata kama gari halina kasoro. Hapo minada hujaa magari mazuri ya miaka mitatu, mitano na saba. Huuziwi ugonjwa wa gari. Unauziwa uvivu wa kulipa wa mtu mwingine, na huo ndio mzuri kuliko vyote kuununua.

Tanzania hesabu inakwenda kwa thamani, cc na umri. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya cc 1001 hadi 2000, na asilimia 10 ikizidi 2000. Juu yake inakaa VAT ya asilimia 18. Tuseme thamani ya forodha ni dola 20,000. Forodha inachukua 5,000, tunafika 25,000. Lile 86 la zamani la cc 1998 linaongezewa 1,250, kisha VAT ya 4,725: jumla ya kodi hizo tatu ni 10,975. GR86 ya cc 2387, kwa thamani ileile, inaongezewa 2,500, kisha VAT ya 4,950: jumla 12,450. Tofauti ni dola 1,475 kwa cc 389. Bado hujaweka tozo nyingine ndogo ndogo, bandari, wakala wa forodha, na sahani za namba. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni. Kifungue kabla hujafungua pochi, na usimtegemee rafiki anayesema "kodi yake haizidi milioni kumi, mimi najua".

Umri nao una adhabu yake. Gari likizidi miaka 8 tangu kutengenezwa linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na likizidi miaka 10 asilimia 30. Kwa mfano wetu, hiyo 15 peke yake ni dola 3,750, na VAT yake 675. Kwa hiyo yule jamaa anayekuonyesha 86 ya mwaka 2012 "bei ya bure kabisa Japan" anakuonyesha bure iliyoko Japan. Ikifika Kurasini, bandarini Dar, si bure tena. Isitoshe, mwaka 2018 magari ya matoleo ya mwanzo ya 86 na BRZ yaliitwa kiwandani kwa sababu ya springi za vali, kazi inayodai injini ishushwe. Gari la umri huo ukilikuta, swali lako la kwanza liwe kama kazi hiyo ilifanyika na nani aliifanya.

Kenya wana njia kali zaidi: gari likizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia kabisa. Ushuru wa forodha kule ni asilimia 35. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, asilimia 25 ikizidi hapo, na asilimia 35 kwa petroli inayozidi cc 3000. Zaidi ya hayo, watoza kodi wa kule, KRA, huanza hesabu kutoka bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza kufuata umri, kwa hiyo kila mwaka ambao gari limeutumikia Japan ni punguzo lako. Hapo ndipo Roadster linapong'aa. La paa la turubai linalouzwa Japan lina cc 1496, linapenya chini ya mstari wa 1500 kama mtu aliyeinama mlangoni. Ndugu yake mwenye paa gumu, RF, ana injini ya lita mbili. Ukitaka paa la bati, serikali nayo itataka chake.

Kusoma karatasi ya mnada

Hapa tulia kabisa, maana hapa ndipo watu wanapopona au kuangamia.

Gari linalopita mnada wa Japan hukaguliwa na mkaguzi wa mnada, ambaye hakujui wala hamjui muuzaji wako, na huacha karatasi moja. Omba karatasi hiyo ya asili, yenye maandishi ya Kijapani, siyo tafsiri iliyopigwa chapa upya na muuzaji. Angalia namba ya chesisi kwanza, ifanane na ya gari. Herufi za mwanzo zinasema ukweli ambao tangazo huuficha: 86 la zamani huanza na ZN6, GR86 huanza na ZN8, BRZ la zamani ni ZC6 na jipya ni ZD8. Mtu akikuuzia "umbo jipya la 2021" na chesisi inasema ZN6, mshukuru kwa soda aliyokupa uondoke.

Kona ya juu kuna pointi. S au 6 ni gari ambalo ni kama jipya. 5 na 4.5 ni safi sana. 4 ni gari la mtu mwenye adabu. 3.5 lina historia ndogo ndogo, unaweza kulichukua kwa bei yake. Ukiona R au RA, gari liligongwa likatengenezwa sehemu za fremu. Na hapa wengi wanaelewa vibaya: boneti, mlango au fenda ya mbele vikibadilishwa kwa kufunguliwa nati tu, gari halipewi R. Mkaguzi anaangalia mifupa. Kwa hiyo pointi 4 haikuahidi kwamba gari halijawahi kugusana na kitu. Inakuahidi kwamba mifupa haikuvunjika.

Chini yake kuna mchoro wa gari lililofunuliwa kama samaki wa kukausha, umejaa herufi. A ni mkwaruzo: A1 ni wa ukucha, A3 ni wa ukuta. U ni bonde. W ni mahali palipopigwa rangi upya na jicho la mkaguzi likaona wimbi. S ni kutu juu juu, C ni kutu iliyokwisha kula. XX ni kilichobadilishwa. Gari la spoti lenye A1 nne kwenye bampa la mbele halinitishi hata kidogo, linaonyesha lilitembea barabarani kama inavyopasa. Linalonitisha ni W kwenye fenda ya nyuma, kwa sababu fenda ya nyuma haifunguliwi kwa nati, ni sehemu ya mwili, na gari la kusukumwa nyuma likimponyoka dereva kwenye kona hutangulia kupiga huko huko.

Kilomita zipime na umri. Wafanyabiashara wa Japan huchukua kilomita 10,000 kwa mwaka kuwa kawaida. La miaka minne lenye 35,000 ni gari. La miaka minne lenye 4,000 linaweza kuwa kito, au linaweza kuwa limekaa gereji muda mrefu hadi matairi yakakauka na betri ikafa. Hati ya ukaguzi ya Japan huandika usomaji wa kilomita, kwa hiyo geji iliyorudishwa nyuma ina mahali pa kuumbukia. Omba na hati hiyo.

Yadi, dalali na tochi ya simu

Ukiamua kununua lililokwisha fika, utakutana na dalali. Utamtambua kwa kuwa yeye atakutambua kwanza.

"Karibu bosi. Hii alikuwa anaendesha dada mmoja, daktari, kazini na kanisani tu."

Huyo daktari ana magari mengi kuliko hospitali. Mwitikie kwa heshima, sema, "Asante kaka, naomba nilione likiwa la baridi." Gari la baridi ndilo linalosema. Gusa boneti: ikiwa imepashwa moto kabla hujafika, kuna mlio wa asubuhi ambao hawataki uusikie. Rudi kesho, usitoe taarifa.

Halafu washa tochi ya simu, upige magoti. Suruali itafuliwa. Tazama nati za fenda na bawaba za boneti: rangi ya kichwa cha nati ikiwa imepasuka, spana imepita hapo. Pitisha mwanga ubavuni kwa mbali kidogo, mstari wa mwanga uende umenyooka. Ukivunjika kama maji ya bwawa, ndani yake kuna puti. Chungulia ndani ya matao ya magurudumu. Vipande vya raba iliyoyeyuka vikiwa vimeganda humo, gari hili limekwenda uwanja wa mashindano, na Japan viwanja vya mashindano havikosekani, kwa hiyo 86 nyingi zimevionja. Si dhambi, ila ni bei nyingine. Inua zulia la nyuma ya viti utafute matundu ya nati yaliyozibwa: hapo palifungwa vyuma vya kumkinga dereva gari likipinduka, na mtu hafungi vyuma hivyo kwa ajili ya kwenda sokoni.

Kwenye tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likiwa na nakshi nzuri lakini limezaliwa zamani, raba imekuwa ngumu kama kisigino cha mvuvi, na mvua ya kwanza ya masika itakuonyesha. Matairi ya spoti manne si pesa ndogo, yaweke kwenye mabishano ya bei. Diski za breki nazo zipitishe kidole kwenye ukingo uhisi kama pana ngazi. Kisha kaa kwenye kiti cha dereva utazame ubavu wake wa nje, ule unaosuguliwa na paja kila mtu anapoingia. Geji ikisema kilomita 18,000 na ubavu huo umechakaa hadi nyuzi, amini kiti.

Safari ya majaribio uende na fundi wako, si fundi anayekaa kwenye benchi la yadi. Umlipe siku yake hata kama hununui. Baridi kabisa, ingiza gia ya pili taratibu: ikikataa au ikisaga, meno ya kulinganisha mwendo yamechoka, maana ya pili ndiyo huumia kwanza kwa watu wanaojifunza. Ukiwa gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote: injini ikipiga kelele na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Kwenye injini ya boksa plagi ziko ubavuni, karibu na kuta za boneti, kwa hiyo muulize fundi waziwazi kama amewahi kuzitoa. Fundi mzuri wa injini za kawaida anaweza kukuharibia siku nzima kwenye boksa, kisha akakwambia gari ndilo bovu.

Gari lililochezewa

Kuna gari lililotumika kidogo, na kuna gari lililotumika kidogo na watu wengi. Linajulikana kwa ekzosi ya ukubwa wa sufuria ya pilau, springi zilizokatwa kwa mashine ya kuchomelea, na kompyuta iliyoandikwa upya na kijana ambaye simu yake haipatikani tena. Usiguse. Sisemi hivyo kwa kuwadharau wanaojenga magari, wapo mafundi wa Nairobi na Dar wanaofanya kazi ya kutia machozi. Nasema hivyo kwa sababu hujui nani alifanya nini, na wewe ndiye utakayelipia majaribio yake.

Subaru ndilo linaloteseka zaidi kwa hili. Mapenzi ya Kenya kwa Impreza yana sababu: Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000, na kizazi kizima kikakua na rangi ile ya buluu akilini. Lakini mrithi wa Impreza hiyo, WRX STI ya Japan yenye injini ya EJ20, iliishia mwaka 2019. Kwa anayeitaka hiyo, swali la jipya au lililotumika limekwisha jijibu, halina upande wa pili. Na kwa kanuni ya miaka 8, iliyosajiliwa mwaka 2019 inafungiwa mlango wa Mombasa mwaka 2026 ukiisha. Ukiipata ambayo haijaguswa hata chujio la hewa, yenye pointi 4 na karatasi zake, usibishane sana na muuzaji. Aliyeitunza hivyo kwa miaka yote hiyo anastahili shilingi zake.

Wenye haki ya kununua jipya

Wa kwanza ni anayenunua kwa wakala rasmi wa hapa nchini, mwenye gereji, spea na waranti inayofanya kazi hapa, naye anakusudia kukaa na gari miaka kumi na zaidi. Hasara ya miaka ya mwanzo akiigawa kwa miaka hiyo inakuwa ndogo, na historia yote ya gari ni yake mwenyewe. Huyo namvulia kofia. Kazi yake ni kuvumilia kilomita elfu moja na kitu za mwanzo bila kukanyaga hadi chini, na hapo ndipo watu wazima hulia.

Wa pili ni anayetafuta gari ambalo lililotumika ni ghali kuliko jipya. Yapo. Porsche 911 GT3 imewahi kuuzwa mkononi Ulaya na Marekani kwa bei inayozidi ya dukani, kwa sababu foleni ya jipya ni ndefu. Ukifikia foleni hiyo, mwongozo huu umekwisha kukupita.

Asiye na haki ni yule anayeletewa "zero kilomita" kutoka Japan na mfanyabiashara wa mtaani. Ni jipya, naam, lakini waranti yake ni ya Japan, na kitabu chake ni cha Kijapani. Amelipa hasara yote ya mmiliki wa kwanza bila kupata ulinzi wa mmiliki wa kwanza. Na binamu yako wa Muscat anayekutumia video za magari mazuri kwa bei nzuri, mpende, lakini mwambie usukani wa huko uko kushoto. Kenya hawatauruhusu uingie. Tanzania, jaribu tu kufikiria unavyolipita lori barabara ya Morogoro ukiwa umekaa upande wa mtaro, ukimuuliza abiria, "Shemeji, kuko wazi?"

Siku ya kwanza nalo

Tuseme umefuata yote haya, na GR86 ya miaka minne iko uani kwako. Usilipeleke popote kabla ya kumwaga oili, maji ya breki na oili ya giaboksi, ukaweka mpya na za kiwango kilichoandikwa, hata kama muuzaji ameapa kwa mama yake. Soma ndani ya kifuniko cha tangi: magari haya yanataka petroli ya oktani ya juu, kwa hiyo chagua kituo chenye mauzo makubwa na mafuta mapya, usiokoteze ya chupa njiani. Redio ya Japan huanzia masafa ya 76, na nyingi huishia 90 au 95, kwa hiyo stesheni zako nyingi hutazipata hadi fundi umeme aweke kifaa cha kubadilisha masafa. Kuna wanaoendesha miaka bila kukiweka, wakisikiliza injini.

Kisha bima. Bima ndogo humlipa uliyemgonga, gari lako linabaki lilivyo. Kwa gari la spoti kata bima kubwa, likadiriwe thamani na mthamini, na kila kilichobadilishwa kwenye gari kiandikwe kwenye fomu, hata rimu. Hesabu ya bima kubwa ya mwaka, matairi manne na oili iwe imekaa pembeni siku ile unayolipia gari, siyo mwezi unaofuata. Ikishindikana, gari hilo bado halijafika bei yako: rudi kwenye kikokotoo, shuka daraja moja, tafuta Roadster la cc 1496 lenye pointi 4.5, uanze kupima tuta upya.